Eda ya Bibi na Cheti cha Baba

Kaniki mpya ina harufu yake. Inanuka rangi, inanuka duka, ukiivaa siku ya kwanza inakuacha na shingo nyeusi. Mie hadi leo nikiinusa narudi Temeke ya mashamba, minazi na mikorosho mpaka macho yachoke, kwenye chumba cha Bibi mzaa baba, chumba cha udongo chenye kitundu kimoja cha kupitisha mkono. Babu alikuwa kafa, na Bibi kavaa kaniki, kakaa eda: miezi minne na siku kumi hatoki, hajipambi, hanusi udi, na mwanamume asiye maharimu wake haoni hata kivuli chake. Mlangoni palitundikwa pazia la marekani. Sasa chumba cha mjane kinatakiwa kinuke majonzi, si ndiyo? Cha bibi yangu kilinuka tumbaku. Maana nyuma ya pazia lile walikaa watu wawili.

Wa pili alikuwa baba yangu. Enzi zile za Mwingereza kila mwanamume alitoa kodi ya kichwa akapewa cheti, na cheti ndicho kilichokuwa miguu yake. Huna cheti, hupati kibarua mjini, huvuki Kigamboni, kila njia unamkuta mtu anakuuliza. Pesa ya mwaka ule Baba aliimalizia kwenye sanda na hitima ya babaye. Na asiye na kodi alichukuliwa kwenda kulima barabara mpaka deni liishe. Jirani yetu mmoja alikwenda anatembea, akarudi kabebwa. Basi siku Tarishi wa Jumbe mkusanya kodi alipokuja mara ya kwanza, Baba alichomokea uani akaingia kwa mama yake. Mtoto wa kumzaa ni maharimu, kuingia si kosa. Kazi ilikuwa kutoka.

Huyo Tarishi ngoja niwape mwenyewe. Kifupi, tarabushi jekundu limepauka, anaongea kwa puani kama mbuzi kafungwa kamba fupi: "Mweeenye nyumba yuuupo?" Mama anamjibu kwa sauti ya asali, "Hayupo shemeji, kaenda Kilwa msibani." "Msiba hapa, msiba Kilwa! Ukoo wenu mnakufa kwa zamu?" Angeweza kuchukua mbuzi, sufuria, hata mlango wa nje angeung'oa, wenzake waliing'oa ya wengine. Lakini pazia la eda hakuligusa. "Mie nami nina mama," akasema, akakaa barazani. Kesho yake akarudi. Na kesho kutwa. Akawa anakuja akishakunywa chai kwake, anaondoka jua likizama, na mchana anakula chakula chetu, maana mgeni hatazamwi akishinda njaa, hata awe mgeni wa kukukamata.

Mle ndani Baba, mtu mrefu, alikaa magoti kayakunja mpaka kidevuni. Kikohozi alikoholea kwenye mto wa kulalia, na Bibi anakohoa juu yake kwa nguvu ili kifunikwe. Tumbaku Bibi hakuwaga anatafuna. Alijifunza uzeeni, ili harufu ya tumbaku ya Baba ionekane yake. Sinia liliingia limejaa likatoka linang'aa, Tarishi akashangaa: "Mjane huyu anakuuula!" Mama akasema, "Majonzi, shemeji. Wengine wanalia, mkwe wangu anakula." Usiku Baba alitoka uani kunyoosha miguu, akarudi mwenyewe. Angekwenda wapi? Pesa ya kodi iko nje, na wa kuitafuta yuko ndani kwa ajili ya kodi hiyohiyo. Mama alikaanga vitumbua vya kuuza, lakini vitumbua vya mke mmoja vinalisha midomo minne, na Tarishi wa tano.

Mie nilikuwa na miaka minane hivi, na ugonjwa wangu ni huuhuu, kuiga watu. Siku moja Tarishi kachoka kukaa, akaniita. "Wee Tatu, nasikia unamwiga Jumbe." Nikamtolea Jumbe, na tumbo lake. Akacheka. Nikamtolea mwalimu wa chuo anavyosoma Kurani huku anasinzia. Nikamtolea yeye mwenyewe, akacheka mpaka tarabushi likaanguka. Hakuna mtu mzima aliyewahi kunicheka vile, nikavimba kichwa. Akauliza, "Na baba yako?" Nikakaza shingo, nikaishusha sauti, ile sauti nene ya Baba yenye kamkwaruzo mwishoni: "Mama Tatu, uji gani huu? Umeupitishia chumvi kwa mbali ikaona haya kuingia?" Tarishi alicheka. Kisha akaacha. "Hayo ya uji aliyasema lini?" Nikajibu, "Leo asubuhi."

Wanasema mdomo uliponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha baba yangu. Mama kule jikoni mwiko ulinyamaza. Tarishi aliokota tarabushi, akalipangusa vumbi taratibu, akasema bila ya puani, kwa sauti ya mtu wa kawaida kabisa, "Haya mwanangu, kacheze." Tangu siku ile hakuuliza tena kama mwenye nyumba yupo. Aliuliza eda inakwisha lini. Akawa kila siku anapanga korosho moja ukingoni mwa baraza, na mie nazitazama zile korosho zinavyokwenda kuelekea nguzo. Nyumbani hakuna aliyenipiga. Bora wangenipiga.

Siku ikafika. Wanawake wakaja na maji ya kumkogesha Bibi na kanga mpya za kumtoa. Bibi akasema nyuma ya pazia, "Sitoki. Mwezi sikuuona. Wingu lilifunga." Wakamwambia mwezi umeonekana Temeke nzima. "Kwa macho yenu. Eda ni yangu." Bibi yangu huyo, hakosi sala, hasemi uongo hata wa kumbembeleza mtoto, akaongopea mwezi! Tarishi akaguna tu, akaongeza korosho. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Wanawake wakaanza kunong'ona kwamba kizee kina lake. Mie ndiye niliyempelekea chakula, nikaona miguu yake imevimba, ngozi inang'aa kama pipa la maji. Siku ya tisa alitaka kusimama kusali, akashindwa. Nilisikia Baba anasema, "Mama, yatosha." Na Bibi, kwa kale kasauti kembamba kama uzi: "Kaa chini. Mie nimezoea."

Baba akafunua pazia mwenyewe. Mchana kweupe. Alikuwa kapauka kama muhogo uliochipua chini ya kitanda, anafumba macho, kashika nguzo. Tarishi alisimama. Baba akamwambia, "Nimetoka. Mwache mama yangu aone jua." Tarishi hakumfunga kamba. Alingoja Mama amkogeshe, alingoja ale. Walipoondoka, Baba alinipitia mlangoni, akaniwekea mkono kichwani. "Uliniiga sawasawa," akasema. Hakucheka wala hakununa.

Alirudi mvua za masika zilipokwisha. Mwili ulirudi, ila sauti haikurudi. Vumbi la barabara liliila, akawa anaongea kwa kunong'ona mpaka alipokufa. Bibi naye hakusimama tena sawasawa, kila mahali alikwenda kwa kushikwa mkono.

Sasa nakaa Tabata, kwa mwanangu. Siku hizi hodi ya kodi hakuna. Ya jengo wanaikata kwenye umeme, unanunua umeme hapo umekaa, na kodi ishaingia ndani, haikuvua viatu, haikuuliza nani ana eda. Wajukuu wanaona raha. Mie sisemi kitu, ila nawahurumia kidogo: hawana hata wa kumkasirikia, hawana sauti ya kuiga. Basi wananizunguka, "Bibi, tutolee Tarishi!" Nawatolea. "Jumbe!" Nawatolea na tumbo. Bibi kwa uzi wake, Mama kwa asali yake, wote nawatoa. Juzi mmoja akasema, "Bibi, na baba yako alikuwaje?" Ipo. Najua sauti yake ipo hapa kooni, nzima, na kamkwaruzo kake, na duniani kote haiko kwingine. Nikafungua mdomo. Nikawaambia wanipe maji ya kunywa.