Dakika Hamsini kutoka Mtwara

Jambo hili nalisimulia nikiwa nimeinamisha uso, na hata mama yangu hajui lote. Chuoni nilikuwa yule mtu wa kuuliza kila kitu (nani kasema, ushahidi uko wapi), lakini siku tuliyomzika bibi kijijini Fukayosi, Bagamoyo, kuna jambo moja sikuliuliza, nikaaibika mbele ya ukoo mzima.

Mjomba Shabani, mtoto pekee wa kiume wa bibi, alihamia Mtwara kabla sijazaliwa, na ombi lake kwenye simu lilikuwa moja tu: tumsubiri, amlaze mama yake kwa mikono yake. Shehe akauliza atafika saa ngapi, wazee wakatazamana, nami nikatoa simu, nikaandika Mtwara na Bagamoyo, ukurasa ukachora mstari mnyoofu na kusema: kwa ndege, dakika hamsini. Nikatangaza kwamba akiruka saa tatu, ukiongeza bodaboda ya kutoka mjini, saa nne na nusu yuko hapa. (Kwamba Bagamoyo haitui ndege ya abiria, ukurasa haukusema, nami sikuuliza.) Nikampigia, simu imezimwa. Nikasema, mnaona, yuko angani.

Saa nne na nusu jeneza liko kando ya kaburi, upepo umekatika, hata kunguru hawasikiki, na mtu akatokea barabarani peke yake, kanzu ina vumbi, begi dogo mkononi. Nikatazama saa.

"Haijakosea hata dakika," nikasema kwa sauti, ili babu Mwinyi, mdogo wake bibi, aliyenicheka tangu asubuhi, asikie. Yeye ana mtoto wa jicho, haoni vizuri, na wengine waliobaki wa kumjua mjomba kwa sura ni mama na dada zake tu, ambao walibaki nyumbani kama ilivyo desturi ya wanawake.

"Shikamoo mjomba. Unasubiriwa wewe."

Akanitazama muda mrefu. "Marahaba," akasema, akavua viatu.

Wakatanda shuka juu ya kaburi, kama inavyofanywa maiti akiwa mwanamke, nikashuka naye. Mle chini mlikuwa na baridi ambayo sijui ilitoka wapi, jua lote lile. Alifungua mafundo ya sanda bila kuelekezwa, akamlaza bibi ubavu, akafunua shavu likagusa udongo.

Tulipomaliza kufukia, watu wakageuka kumpa pole. Hayupo. Barabara ya pale imenyooka, na haikuwa na mtu.

Ndipo simu ikaita, na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na udongo nikaweka spika, kila mtu akasikia. "Mpwa wangu, ndiyo kwanza natua Dar, simu iliisha chaji. Mwambie shehe anisubiri."

Babu Mwinyi akanigeukia. "Sasa huyo uliyemshusha kwa dada yangu ni nani, msomi?"

Mwanamke hulazwa na maharimu wake, wanaume wa damu wasioweza kumwoa, hilo hata mtoto wa madrasa analijua, nami nilimkabidhi bibi kwa mtu nisiyemjua hata jina.

Mjomba alifika alasiri. Hakunigombeza, na ingekuwa heri angenigombeza. Aliniuliza tu kama yule mtu alisema chochote kule chini, nikajibu hapana.

Alisema. Alipokwisha kuliweka shavu aliinama akanong'ona, "Mama, mwanao nimefika," na aliyesikia ni mimi peke yangu. Mjomba sijamwambia mpaka leo, na hesabu ya safari ya mtu mwingine sitaipiga tena.