Raba za Shingo Ndefu za Mama wa Rasbura

Habari ya msiba ilinikuta nimekaa kitandani na soksi moja mkononi, naitafuta ya pili. Simu ikalia, nikaitazama tu, maana siku hizi simu ya alfajiri siipendi. Ilipolia tena nikapokea. Alikuwa binti wa yule mama muuza raba wa mtaa wa Rasbura, na kwa namna alivyovuta pumzi nilishajua. "Baba, mama ametutoka," akasema. "Tunampeleka nyumbani kwao, upande wa Milola. Tunazika leo alasiri." Nikasema innalillahi, nikavaa viatu vivyo hivyo bila soksi, nikaenda stendi, na gari la kunifikisha kwa wakati sikulipata. Nilirudi nyumbani nikalala mchana kweupe. Nimechoka na misiba, wasomaji wangu, na nasema hivyo bila kuona haya. Kila nikikaa kuandika safu hii najikuta namwandika mtu ambaye wiki iliyopita tulikuwa tunataniana sokoni.

Huyu alikuwa na meza ya viatu vya mtumba Lindi mjini, raba hasa. Mimi nilikuwa mteja wake kwa shida zangu, kwa sababu nina mguu mpana ambao viatu vya dukani vinaukataa. Alikuwa akinitania kwamba miguu yangu iliumbwa kwa ajili ya kulima mashamba ya Kitomanga, ikapotea njia ikaangukia magazetini. Nami nilimjibu kwamba meza yake inanuka jasho la dunia nzima. Alicheka, akanitafutia kiatu, akakikung'uta, akaniambia nikae. Alikuwa mrefu, na katika usichana wake alicheza mpira wa kikapu shuleni. Ukitaka asahau kupanga bidhaa, mtajie kikapu.

Kwake yeye raba ya kikapu ilikuwa na ukoo kama watu. Ilizaliwa ya kitambaa, alinieleza: turubai gumu, soli bapa ya mpira, na shingo ndefu inayopanda hadi juu ya kifundo cha mguu. Wenzetu wa ng'ambo waliitengeneza kwa ajili ya watu warefu wanaoruka na kutua vibaya. Za namna hiyo ndizo alizovaa yeye shuleni, kwa kupokezana, maana timu haikuwa na jozi za kutosha. Anayetoka uwanjani anavua, anayeingia anavaa zikiwa bado na joto la mwenzake, na mwenye mguu mdogo anajazia sufi kwenye ncha. Baadaye ikaja ya ngozi, nzito, shingo imejazwa sponji. Ikaja yenye mkanda wa kubana juu ya kamba. Ikaja yenye kidirisha cha hewa kwenye kisigino, ambayo vijana wetu waliiita raba mtoni, yaani ya ng'ambo, na kuisugua kwa mswaki kila jioni. Kisha shingo ikaanza kushuka, kwa sababu wachezaji wa huko walitaka wepesi, mpaka raba ya kikapu ikafanana na ya kukimbilia. Sisi mabadiliko hayo hatukuyaona yakija moja baada ya jingine. Kwetu yalifika ndani ya belo la mitumba, yamechanganyika, babu na mjukuu wamefungwa kamba moja, na yeye ndiye aliyekuwa akiwatenganisha.

Halafu, kama mnavyojua, shingo ndefu ikarudi, lakini haikurudi uwanjani. Ilirudi mtaani na soli nene kama tofali. Nakumbuka siku kijana mmoja alikuja na simu mkononi, akachagua jozi nyeupe ya shingo ndefu, akaivaa bila kufunga kamba, ulimi wa kiatu umelala nje. Mama akamwambia afunge. "Mama, hii natokelezea nayo tu," kijana akasema. "Nikifunga inaharibu muonekano." Mama akamvua kiatu mguuni kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya watu, akakirudisha chini ya meza. "Hiki kina wenyewe," akasema. Kijana alisimama pale na soksi moja yenye tundu, hajui acheke au akasirike. Nikamuuliza mama kama biashara anaifanya ama anaifukuza. Akainamia raba nyingine, akakagua soli.

Wenyewe aliowasema walikuwa wasichana wa kijijini kwao. Kule kuna sakafu pana ya saruji ya kuanikia korosho. Msimu ukiisha inabaki tupu, mbuzi wanalala juu yake, na yeye kila akienda kwao alikuwa anaiona sakafu ile anaona uwanja. Akampa fundi wa vyuma nondo akunje ringi, akapata mpira, akawakusanya mabinti. Likabaki jambo la ruhusa, kwa kuwa sakafu ni ya chama cha wakulima na chama kina wazee wake. Siku ya kuonana nao walikuwa wamekaa ndani kwenye mkeka, viatu vyote viko nje mlangoni kama ilivyo ada. Yeye akaingia pekupeku, lakini mkononi kashika raba.

"Mwanangu, kiatu ndani?" mzee mmoja akamuuliza.

"Nimekifua, babu, kwa sabuni. Nisameheni. Najua mtaniuliza habari ya heshima, kwa hiyo nimekuja na jibu. Watoto watavaa suruali ndefu, watavaa mtandio, na watavaa hivi. Tazameni shingo yake ilivyopanda. Hata kifundo cha mguu hakionekani."

Wazee wakatazamana, mwenyekiti wao akasema, "Haya, wacheze." Mama alinisimulia kisa hiki sijui mara ngapi, na kila mara alisimama ili aonyeshe alivyoiinua ile raba. Nilikuwa nacheka sana. Kitu walichokibuni watu wa mbali ili kifundo kisiteguke, kwetu kilipata kibali kwa sababu kinakificha.

Lakini baada ya hapo kicheko kinapungua, kwa kuwa yeye alikichukulia kibali kile kama nadhiri. Kila belo lililofunguliwa sokoni alikuwepo, anachakura raba za shingo ndefu kabla ya mtu mwingine, anazitia kwenye kiroba, anapanda bodaboda kuzipeleka kijijini. Ilipofika zamu ya shingo fupi kujaa kwenye mabelo, alihangaika kama mtu aliyepotelewa na mtoto. "Wakicheza na fupi nimewadanganya wazee," aliniambia. "Watafunga ile sakafu, na watoto wataniona mimi ndiye niliyewafungia." Kuna miezi aliwaambia mabinti wakae, wasiguse mpira mpaka apate viatu, na miezi hiyo alikonda. Shingo ndefu iliporudi kama fasheni akafurahi kwa muda mfupi, kisha akagundua kwamba sasa anashindana na vijana wote wa mjini wanaotaka kupiga picha. Presha ikampata, miguu ikavimba. Mwisho mwisho mwanamke aliyewavisha viatu watu wa Lindi alikuwa anavaa ndala tu, na hizo ndala zilikuwa zinamkata. Nilimwambia apumzike. Akaniambia atapumzika wakishapata jozi za kuwatosha wote.

Nilikwenda kuhani siku ya hitima. Nilipitia kwanza kwake Rasbura, nikamkuta mjukuu wake aliyebaki kulinda nyumba, akanikabidhi kiroba cha mwisho kilichokuwa uvunguni. Nilikibeba mapajani njia nzima, na mgongo ukaniuma mpaka nikamlaumu marehemu, Mungu anisamehe. Baada ya dua na chakula nikamtafuta mzee aliyekuwa mwenyekiti siku ile ya ruhusa. Nikamkuta ameegemea ukuta, macho yamefumbwa nusu, anachokonoa meno.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na safari."

Nikamwambia nimeleta viatu vya watoto, shingo ndefu zote, ili ile ahadi ya marehemu isivunjike. Akafumbua macho, akakitazama kiroba.

"Ahadi ya vifundo," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Ile habari ya vifundo ilikuwa yake mwenyewe, mwanangu. Sisi hatukuuliza vifundo. Sakafu ilikuwa tupu, na watoto ni wetu. Angekuja mikono mitupu tungesema haya vilevile. Siku ile ming'oko ya kuchemsha ilikuwa inapoa, tukasema haya ili tule."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia, miaka yote ile. Mzee akafuta mdomo taratibu. "Kila akija hapa ananionyesha viatu kwanza, kabla hajaomba maji. Ana furaha mpaka unaona. Ningeanzia wapi? Niliwaambia watoto wamwambie."

Mabinti walikuwa wamekaa ukingoni mwa sakafu, mitandio imeshuka usoni. Hawakuwa wanacheza, siku ya msiba watacheza vipi. Wakanipa shikamoo, nikaweka kiroba chini. Mrefu wao, ambaye nadhani ndiye nahodha, akakifungua, akatoa raba moja nyekundu ya turubai, akaigeuza kuitazama soli, vilevile kama alivyokuwa akifanya mama. Nikamuuliza kama ni kweli mwenyekiti aliwaambia kwamba viatu havikuwa sharti.

"Alituambia zamani, babu."

"Na mama hamkumwambia?"

Akawatazama wenzake. "Tungemwambia, angekuja tena?"

Nilikasirika, siwafichi. Nikamkumbusha ile miezi waliyokaa bila mpira, ile miezi ambayo mama alikuwa hali chakula kwa kuwafikiria. Msichana akainamisha kichwa. "Tulikuwa tunacheza," akasema kwa sauti ndogo. "Tukisikia bodaboda yake, tunakaa."

Nilicheka, na katikati ya kicheko nikalia, na watoto wakawa wananitazama mzee mzima nimesimama juu ya sakafu ya korosho nafuta pua kwa kiganja. Nilipotulia nikamuuliza kama sasa basi watacheza pekupeku. Akatikisa kichwa. Alikuwa ameshaingiza mguu kwenye ile raba nyekundu na anavuta kamba, tundu kwa tundu, mpaka la mwisho juu kabisa, kama alivyofundishwa.

"Tutavaa hivi mpaka viishe," akasema.

"Halafu?"

"Halafu tutacheza pekupeku."

Njiani kurudi nilikuwa nayageuza mambo haya kichwani na bado nayageuza. Ninyi mtasema walimpenda, na ni kweli, walimpenda. Walimwachia furaha yake. Lakini mimi niliiona ile miguu. Niliiona ilivyovimba ndani ya ndala, akisimama tangu soko linapofunguliwa akisubiri belo, ili alipe sharti ambalo hakuna aliyempa. Kijiji kizima kilijua, kikanyamaza kwa adabu, na adabu ile ilimchosha mpaka mwisho. Pengine naye alikuwa na lake la kujifunza, kwamba aulize mara ya pili kabla ya kujitwisha. Hilo limempita sasa, hatuwezi kumsumbua nalo.

Sisi tuliobaki tunaweza. Kila mmoja wetu ana mtu anayemjia amebeba kitu: mama anayetuma unga wa muhogo mjini wakati magoti yanamkataa, shangazi asiyethubutu kuja kukuona bila kuku, rafiki anayeamini kwamba mlango wako haufunguki bila zawadi. Tunapokea, tunashukuru, tunaogopa kwamba tukisema si lazima hatakuja tena. Mwambieni, jamani, angali anasikia. Mwambieni aje mikono mitupu, avue ndala zake pale mlangoni, akae atazame watoto wanavyocheza.