Khethiwe na Damu ya MaMbatha

Khethiwe Ntshangase alichunguza virusi vya UKIMWI kwa miaka kumi na tisa katika maabara yetu ya Empangeni, Afrika Kusini. Miaka yote hiyo mkuu wake alikuwa Dokta Mhlongo, mtu ambaye sikuwahi kumwona akishika hata chupa ya damu. Yeye kazi yake ilikuwa kuvaa tai na kwenda semina, kueleza kwamba dawa zikishindwa, mkosaji ni mgonjwa.

"Hawa watu wa mashambani waongo," alizoea kutuambia. "Wanatupa vidonge, halafu wanakuja kutulilia."

Basi ikaletwa damu ya MaMbatha, mjane wa Nongoma aliyeuza mahindi ya kuchoma. Alikuwa amepimwa mara tatu, na kila mara virusi viko juu. Wauguzi wa zahanati walikuwa wamemgombeza mbele ya foleni nzima kwamba hamezi dawa. Khethiwe akaomba kuchunguza vinasaba vya virusi vile, aone kama vimekuwa sugu kwa dawa. Dokta Mhlongo hakuinua hata uso.

"Akapewe ushauri nasaha tena. Kipimo hicho ni ghali mno kwa bibi asiyejua kusoma saa."

Khethiwe hakubishana. Alipima kiasi cha dawa katika damu ileile, akarudi ofisini.

"Dokta, huyu mama anameza. Dawa imo ya kutosha."

"Alimeza asubuhi hiyo tu, kwa kutuogopa sisi."

"Basi tupime nywele zake. Zinaonyesha miezi."

MaMbatha alikuja mwenyewe, akafungua kilemba.

"Kata unazotaka, mwanangu," alimwambia Khethiwe. "Mimi nimemeza hata siku niliyomzika mume wangu."

Nywele zikasema hivyohivyo: miezi mitano bila kuruka. Dokta Mhlongo akatia saini ombi la kipimo kile kama mtu anayelishwa shubiri. Virusi vilikuwa vimebadilika, dawa mbili kati ya tatu alizomeza hazikuviweza tena. MaMbatha akabadilishiwa dawa, na baada ya miezi sita virusi havikuonekana kwenye kipimo.

Na nani akaenda Durban kuusimulia utafiti huo mkutanoni? Mwenye tai. Jina lake juu, la Khethiwe chini kabisa, tena limekosewa. Daktari mmoja akamuuliza ni mabadiliko gani hasa yaliyovikinga virusi na dawa.

"Yale ya kawaida," alijibu, akishikashika shingo.

"Yapi?"

Akaanza kupekua karatasi zake. Khethiwe, aliyekaa kando yangu, akasimama, akayataja moja baada ya jingine, akaketi. Ukumbi ukamgeukia yeye, na maswali yote yaliyobaki akaulizwa yeye. Yule bwana alibaki jukwaani kama kiti kilichosahaulika.

Njiani kurudi nilimuuliza Khethiwe kama alifurahi.

"Nimechoka," alisema. "Ni wangapi tumewaita waongo kabla ya huyu mama?"

Jumatatu yake alifungua friji, akaanza kutoa chupa za damu za wale wote walioandikiwa kwamba hawamezi, azipime upya. Hakuomba ruhusa ya mtu. Dokta Mhlongo alipita mlangoni, akamwona, akaenda zake kunywa chai.