Mabomba ya Nusu Hayaonekani

Kilichoninyima usingizi wiki ile ni swali moja: je, kosa lilikuwa langu kweli? Mkuu wangu kazini alikuwa amemwambia mwenye kampuni kwamba mabomba hayaonekani kwenye tovuti kwa sababu mimi ni mzembe. Mwenye kampuni akasema ataamua baada ya kikao na wenye maduka kama nitabaki au nitaenda. Kitandani, nyumbani kwangu Donholm, nilijishtaki, nikajitetea, nikajishtaki tena.

Kazi yetu ilikuwa kuweka bidhaa za maduka ya vyuma ya Kariobangi mtandaoni, mteja atafute kwa simu. Tulianza na spana, na spana huitwa kwa namba: kumi, kumi na tatu, kumi na saba. Mkuu aliuachia mtambo wa kutafuta ukisie wenyewe, nao ukashika kwamba sehemu ya saizi, yaani nafasi ya kuandikia ukubwa wa bidhaa, ni ya namba tu. Nikamwambia mabomba yanakuja, na huku hakuna anayeuliza bomba kwa milimita. Watu husema nusu, au robo tatu, wakimaanisha inchi.

Alicheka ofisi nzima ikisikia. "Graduate, punguza mawazo. Utazeeka kabla ya mshahara wa kwanza."

Mabomba yalipofika, mtambo uliyakataa na kulalamika. Badala ya kurekebisha, mkuu aliuagiza uruke kimya kimya kila saizi isiyo namba. Malalamiko yakaisha. Mabomba yakaingia bila saizi, na mteja akiandika "nusu" hapati kitu.

Nilipoiona amri hiyo, jina lake likiwa kando, kwanza nilidhani nimesoma vibaya. Nikaisoma mpaka macho yakaniuma. Ndipo hasira ikanipanda, tamu kidogo.

Aina ya sehemu, iwe namba au maneno, ikishawekwa haibadiliki. Sharti ujenge faharasa mpya, yaani orodha ambayo mtambo hutafutia, saizi iwe maneno, kisha unakili bidhaa zote upya. Niliijenga. Ningeiunganisha na tovuti siku ileile, yeye angesimama kikaoni akajisifu. Nikaiacha pembeni.

Kikaoni, mama mmoja mwenye duka la mabomba alitoa simu yake akaandika "nusu". Hakuna kitu.

"Kijana, nimefunga duka na sina habari?" akamwuliza mkuu.

"Ni huyu dada, mama," mkuu akasema. "Hakuingiza saizi vizuri."

Nilikuwa nikimngojea aseme hivyo mbele ya watu. Nikageuza kompyuta kuelekea kwa mwenye kampuni, nikamwonyesha amri ya kuruka saizi na aliyeiandika. Mwenye kampuni alisoma, akamtazama mkuu, akasoma tena.

"Hii tungeongea ofisini," mkuu akanong'ona.

"Ofisini ulinicheka."

Nilimwacha kwanza akaziwe macho na wenye maduka wote. Kisha nikaielekeza tovuti kwenye faharasa mpya, nikamgeukia yule mama.

"Andika tena, mama."