Nabwire kwenye Mteremko wa Malaba

Siku moja kabla ya risasi kuanza, tulivusha mayai.

Nabwire alikaa mbele kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu, trei zimepangwa nyuma yake mpaka usawa wa mabega, na mimi nilikuwa nyuma ya trei nikisukuma. Miguu yake ilikufa akiwa bado anatambaa, huko kwao karibu na Nangina, na tangu hapo mikono ndiyo iliyombeba. Aliiendesha ile baiskeli kwa kuzungusha pedali iliyokuwa mbele ya kifua chake. Breki nayo ilikuwa palepale kwenye pedali, kipande cha chuma cha kubana kwa vidole. Kwenye tambarare hakunihitaji. Kupanda alihitaji kifua changu, na kushuka alihitaji uzito wangu, nikivuta nyuma huku yeye akibana breki.

"Ukiniachilia leo, Maswali," alisema tulipofika juu ya mteremko, "tutauzia watu rolex bila chapati." Rolex ni chapati iliyokunjiwa mayai ya kukaanga.

Maswali ndilo jina alilonipa. Niliacha shule Butula nikiwa darasa la sita, nikawa utingo wa malori, nikafika Juba na Kigali, nikarudi bila kitu isipokuwa tabia ya kuuliza. Nilimkuta Nabwire mpakani Busia, nikamfuata alipohamishia biashara Malaba. Nilidhani nitakaa naye wiki moja.

Kilichonishika ni desturi moja ambayo haijaandikwa popote. Pale mpakani askari anaweza kukukagua wewe mwenye miguu hadi ndani ya soksi. Lakini mlemavu akija na baiskeli yake akapiga kengele, kizuizi kinainuliwa. Hakuna anayeigusa baiskeli, hakuna anayeisimamisha. Niliuliza kila mtu sababu. Mmoja aliniambia ni huruma. Mwingine alisema watu wanaogopa laana. Sajini wa kizuizi cha Malaba, mzee aliyefanya kazi pale tangu nywele zake zikiwa nyeusi, alinijibu, "Mimi nilikuta hivyo."

Jioni ile tulipeleka sehemu ya mayai kwenye yadi ya malori, juu ya mteremko. Wandera, mume wa Nabwire, alikuwa ameegesha tanka lake humo akingoja karatasi za kuvuka. Alikuwa mtu wa kimya, mwenye ugonjwa wa sukari, anayejidunga dawa kila siku. Chupa za dawa hukaa nyumbani, ndani ya chungu cha maji, kwa sababu kwenye kabini ya lori joto huziharibu. Nabwire alimpa ya siku mbili.

"Ukivuka kesho rudi kesho kutwa," alimwambia. "Nisije kuolewa tena kwa sababu ya foleni."

Wandera alicheka, akampa maembe. Hayo ndiyo maisha yalivyokuwa.

Yadi ile ilikuwa na wakubwa wawili, na hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Mmoja tulimchagua wenyewe aongoze kaunti. Mwingine aliletwa na Nairobi aiwakilishe serikali kuu. Sitawataja, wote wawili wana watoto shuleni. Wa kaunti alisema ardhi ni ya kaunti, kwa hiyo kila lori linaloegesha lilipe kaunti. Wa Nairobi alisema mpaka ni wa taifa, na kaunti haina mkono pale. Kwa miaka walipigana kwa mikutano na mahakama. Sisi tulizoea kusikia habari hizo redioni kama watu wanavyosikia habari za mvua ya mbali.

Asubuhi iliyofuata, wa kaunti alikuja na kanjo wake, askari wa kaunti, na kundi la vijana. Alipanda kwenye ngazi ya lori moja akashika kipaza sauti.

"Vumbi tunakula sisi! Ajali tunapata sisi! Pesa inalala Nairobi!"

Tulishangilia. Hata Nabwire alipiga kengele yake. Kisha geti la yadi likafungwa kwa mnyororo, malori yote yakiwa ndani na madereva wao. Alisema hakuna litakalotoka mpaka kaunti itambuliwe.

Saa sita mchana wa Nairobi alifika kwenye kizuizi cha chini. Yeye hakupiga kelele. Alisimama kando ya gari lake, koti limefungwa vifungo vyote katika jua lile, akasema kwa upole kwamba geti lifunguliwe kabla ya jioni. Kisha akaongea kwenye simu kwa muda mrefu.

Nilishangaa kwamba mambo makubwa hivyo yanaweza kuamuliwa na watu wawili ambao kati yao kuna mteremko mmoja tu. Mtoto angeweza kukimbia kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Hawakutembeleana.

Jioni mtu alifyatua risasi. Vijana wa geti walisema ni polisi, polisi wakasema ni vijana. Kwamba vijana walikuwa na bunduki tulijua usiku uleule, kwa sababu majibu yalitoka pande zote mbili. Zilitoka wapi, sijui hadi leo, na si kwamba sikuuliza.

Magazeti yaliita vurugu. Sisi tuliolala kifudifudi sakafuni, magodoro yameegemezwa kwenye madirisha, tunaita vita.

Jambo ninalolikumbuka zaidi ni kimya. Malaba haijawahi kunyamaza. Injini hunguruma usiku na mchana mpaka ukizikosa huwezi kulala. Sasa zilizimwa zote. Kati ya mlio na mlio nilisikia vyura wa mtoni, nikasikia kuku wa jirani akikwaruza. Nilisikia mji mzima ukipumua. Barabara, ambayo sikuwahi kuiona kwa sababu ya magari, ilikuwa tupu na pana, imeng'aa kama uwanja uliofagiliwa. Utingo mmoja aliyejaribu kuivuka alikuwa amelala maiti katikati yake tangu mchana wa siku ya pili, na hakuna aliyethubutu kumchukua.

Siku ya tatu Nabwire aliniita.

"Dawa ya Wandera imekwisha jana."

"Watampa wengine humo ndani."

"Nani? Wana maembe na petroli." Alikuwa ameshatoa chupa kutoka kwenye chungu, akazifunga kwa kitambaa kilicholowa na kuziweka kwenye chungu kidogo chenye nakshi ya maua, kati ya mapaja yake. "Nisukume."

"Nabwire, wanapiga risasi."

"Wanapiga watu wenye miguu. Mimi wananijua."

Hakusema kwa majivuno. Alisema kama mtu anayekueleza duka lipo wapi. Na lazima niseme nilimwamini, kwa sababu nilikuwa nimeona kizuizi kile kikiinuka asubuhi sijui ngapi kwa mlio wa kengele yake.

Alituma habari kwa wenzake. Walikuja wote walioweza, kila mmoja na baiskeli yake, wengine na wasukumaji, wengine peke yao. Okware wa Chakol, mshindani wake mkubwa katika biashara ya sukari na vitenge, alikuja amefunga mtungi wa maji kwenye kiti cha nyuma.

"Nimekuja kuhakikisha huchukui wateja wangu wa yadi," alimwambia.

"Wateja wako walikufa kwa bei yako," Nabwire akajibu.

Tulitoka barabarani.

Nimeona milima yenye theluji kutoka kwenye dirisha la lori. Nimeona Mto Naili ukiwa umefurika. Sijawahi kuona kitu kama kile: baiskeli zile katika mstari mmoja katikati ya barabara tupu, kengele zikilia polepole, na bunduki zikinyamaza moja baada ya nyingine, kama taa zinavyozimwa nyumba kwa nyumba.

Sajini alisimama kwenye kizuizi cha chini. Alimtazama Nabwire, akatazama chungu.

"Ni nini, mama?"

"Dawa ya sukari. Na maji."

Aliinua kizuizi kwa mkono wake mwenyewe.

Tulipanda. Tulipofika alipolala yule utingo, Nabwire alisimamisha baiskeli. Okware alivua kitenge mabegani mwake, mimi nikamfunika. Hakuna upande uliotupigia kelele. Juu, vijana wa kaunti walifungua mnyororo bila kuulizwa. Mmoja wao, bunduki mgongoni, alimsukuma Okware mwenyewe sehemu ya mwisho.

Wandera alikuwa amelazwa chini ya tanka lake, midomo imekauka, anaongea maneno yasiyoshikana. Nabwire aliteremka kwenye baiskeli kwa mikono, akatambaa hadi kwake, akamdunga. Kisha alikaa pale ameshika kichwa chake, akimtukana taratibu kwa Kisamia, mpaka Wandera akafungua macho na kusema jina lake.

Madereva walikunywa maji. Watanzania, Warundi, Waganda, walikunywa na wakaanza kulia bila aibu.

Laiti tungebaki. Nimefikiri hivyo mara nyingi. Lakini maji yalikuwa yameisha, na watu walikuwa wengi, na njia ilikuwa wazi. Nabwire alisema tushuke tukalete mengine.

Wakati tulipokuwa ndani ya yadi, malori ya serikali yalikuwa yamefika upande wa chini. Kikosi kipya, kutoka mbali. Walikuwa wameambiwa kwamba risasi zinapelekwa kwenye yadi. Sajini alikuwa amesukumwa nyuma ya malori. Sisi hatukujua.

Tulianza kushuka. Nabwire mbele, mimi nikivuta nyuma, wengine wakitufuata.

Alipiga kengele.

Kizuizi hakikuinuka.

Akapiga tena.

"Simama hapo! Shuka! Lala chini!"

Sauti ilikuwa ngeni. Hata Kiswahili chake kilikuwa kigeni.

"Ni sisi!" Okware akaita kutoka nyuma. "Afande, ni sisi!"

"Lala chini!"

Niliona midomo ya bunduki. Zilikuwa zinanielekea mimi, mtu wa mbele kabisa aliyesimama kwa miguu.

"Lala, Maswali," Nabwire alisema bila kugeuka. "Wanaangalia wewe. Mimi hawawezi."

"Utateleza."

"Nina breki. Lala."

Nililala, na wasukumaji wengine wakalala nyuma yangu. Lami ilikuwa ya moto.

"Mikono juu!"

Aliinua mmoja.

"Miwili! Mikono miwili!"

"Afande, breki…"

"Miwili!"

Aliinua mikono yote miwili.

Baiskeli ilianza kushuka. Kwanza polepole. Chungu kilitikisika mapajani mwake. Nilimwona mgongo, umenyooka, mikono hewani, viganja vimefunguliwa waone kwamba havina kitu. Baiskeli ikashika kasi kuelekea kwenye bunduki.

Walifyatua.

Sitaandika yaliyofuata mara moja. Nitaandika ya baadaye kidogo, kwa sababu ndiyo yanayonifanya niandike. Wenzake hawakugeuka. Wangeweza, barabara ilikuwa pana. Okware alianza kupiga kengele, kisha aliye nyuma yake, kisha wote. Walikuwa wamebana breki kwa mkono mmoja na kupiga kengele kwa mwingine, hawashuki wala hawarudi, wamebaki pale mteremkoni mbele ya bunduki, wakilia kwa vyuma. Nilikuwa nimelala chini nikisikia kengele zile juu ya kichwa changu.

Wale wageni hawakujua la kufanya. Walitazamana. Kisha sajini alitoka mbio nyuma ya malori, bila kofia, mikono juu, akasimama mbele ya wenzake wenye bunduki na kupiga kelele: "Hawasimami! Hawa hawasimami! Hawana miguu!"

Bunduki zikashuka.

Siku mbili baadaye vita viliisha, na viliisha kwa simu, kama vilivyoanza. Wakubwa wawili walifika kwenye yadi ndani ya gari moja. Wa kaunti alishuka kwanza, akamfungulia mwenzake mlango. Mnyororo ukafunguliwa. Siku hizi kuna bango kubwa getini lenye nembo zote mbili, na mapato hugawanywa. Madereva wanasema utaratibu ni mzuri kuliko wa zamani. Nimeuliza, na ni kweli. Hilo nalo ni zito kubeba: kwamba makubaliano yale yalikuwepo siku zote, yakingoja watu wawili kupanda gari moja.

Nabwire tulimzika kwao. Wandera yu hai. Aliacha lori, analima, na kila asubuhi hutoa chupa kwenye chungu na kujidunga. Ninapopita Funyula hulala kwake. Hatumzungumzii sana Nabwire. Siku moja aliniambia tu, "Sindano hii ina bei ambayo mimi sikuulizwa," kisha akaendelea kumenya mihogo.

Baiskeli ya Nabwire, Wandera aliipeleka kwa sajini. Hakuna mkubwa aliyeagiza hivyo, wa kaunti wala wa Nairobi.

Mwezi uliopita nilipita Malaba, nikamkuta sajini juu ya mteremko na askari kijana aliyehamishiwa pale wiki hiyo. Alikuwa amemkalisha kwenye baiskeli ya Nabwire. Miguu ya kijana ilikuwa imefungwa kwa kamba, naye alikuwa akicheka kidogo, akidhani ni mzaha wa kumkaribisha mgeni.

Sajini alitembea hadi chini, akasimama katikati ya barabara, akageuka.

"Mikono juu!" akaita.

Kijana aliinua mmoja.

"Miwili."

Akaachia breki. Nilimwona akiacha kucheka. Baiskeli ikashuka, ikaongeza kasi, na yeye akabaki mikono hewani, macho yamemtoka, hana la kufanya. Sajini alitanua miguu, akatanua mikono, akaipokea kwa kifua.

Walikaa hivyo kwa muda, mzee ameikumbatia baiskeli na kijana ndani yake, akihema.

"Sasa nenda kazini," sajini akamwambia. "Ukisikia kengele, inua kizuizi."