Herufi Iliyomkosesha Sheikha Harusi

Siku ya harusi ya binamu yake, kiti cha Sheikha kilikaa kitupu ukumbini mpaka wanawake wakakiwekea mikoba. Kila aliyeuliza, mama yake, Bi Mwanakheri, alimjibu vivyo hivyo: "Yupo nyumbani, anatafuta herufi."

Hakusema uongo. Sheikha alikuwa kwenye fleti yao ya Woolwich, London, jikoni mbele ya kompyuta, akifufua kama fonti herufi za Kigiriki zilizochongwa zamani na fundi mmoja wa uchapaji. Vipande vya madini ya risasi vilivyotumika kuzichapia vilishayeyushwa. Kilichobaki ni kitabu kimoja cha ufugaji nyuki kilichochapwa kwa herufi hizo, naye alikuwa na nakala za kurasa zake. Herufi zote alizipata humo isipokuwa moja, Psi kubwa. Na Jumatatu Ambrose, mwenye karakana ya fonti, angeamua kama kazi hiyo itoke kwa jina la Sheikha au iwekwe kando.

"Usiniletee Psi ya kubuni," alishamwambia. "Nataka ya fundi mwenyewe."

Alasiri mama akarudi na sahani ya biriani.

"Bibi harusi kaniuliza kama umeolewa kwa siri."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia ndiyo, na kompyuta." Akainamia skrini. "Hiki ndicho kilichokukosesha ngoma? Uma?"

"Ni Psi, mama."

"Uma. Tena umepinda."

Sheikha akacheka, kwa sababu ulikuwa umepinda kweli. Akasukuma karatasi apate pa kuweka sahani, na moja ikageuka. Omega kubwa ikasimama kichwa chini, wazi kwa juu kama bakuli. Kicheko kikamkatika. Mafundi wa zamani walikuwa na chuma kidogo cha kuchongea uwazi wa ndani ya herufi, na chuma hichohicho walikitumia kwa herufi nyingine, kujipunguzia kazi.

Akaipindua Omega kwenye skrini, akaikata miguu, akaazima shina la Phi, ule mstari wake wa wima, na kulisimamisha katikati. Likakaa, tuli, kana kwamba halikuwahi kuondoka.

Akamkumbatia mama na kumzungusha jikoni, mama akilalamikia magoti huku akipiga vigelegele. Kisha Sheikha akateremka ngazi na ndala zake, akakatiza soko la Woolwich mbio, akaufikia ukumbi ngoma ikiwa ya mwisho, akaingia katikati ya wanawake akicheza kuliko bibi harusi.

Jumatatu Ambrose aliikuza Psi kwenye skrini.

"Umegeuza Omega."

"Fundi naye angeigeuza."

"Mvivu kama wewe," akasema. "Haya, itoke."

Fonti ikatoka kwa jina lake. Sheikha sasa anafundisha uchoraji wa herufi kwenye chuo kimoja cha London, na bado anaishi Woolwich na mama yake.