Kilo Sitini za Kila Mtu

Jina la Mama Lebo alipewa na wenzake wa zahanati, kwa sababu kila chupa ya dawa ilibandikwa lebo iliyochapwa na programu yake. Alikuwa karani wa mapokezi tu. Programu alijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na kichwa kigumu. Na alijua kwamba anajua, jamani! Ukimsifu anakujibu, "Na bado."

Fanksheni kuu ya programu hiyo, yaani sehemu inayopiga hesabu, ilipokea vitu vitatu: jina la mgonjwa, dawa na uzito. Jina na dawa ni lazima. Uzito ni hiari: ukiuacha wazi, programu inajaza kilo sitini yenyewe, kisha inapiga hesabu ya dozi. Enzi hizo walitibu watu wazima tu, na mzani ulikuwa chumba cha mwisho huko. Wauguzi wakashukuru, wakazoea kuiruka nafasi ya uzito.

Baadaye ikafunguliwa huduma ya watoto. Zile kilo sitini hakuna aliyezikumbuka, hata mwenyewe.

Asubuhi moja mfamasia, mzee mkali, akamwita dirishani, chupa mkononi. "Mwanangu, mgonjwa mwenyewe kabebwa mgongoni. Lebo yako inasema anywe vijiko vinne kwa mpigo. Unataka tumuue?"

Mama Lebo akaisoma lebo, akazikumbuka zile kilo sitini. Mama wa mtoto alikuwa kwenye benchi, anasubiri dawa.

Muuguzi aliyejaza fomu akaangua kilio. "Nilisahau uzito, dada. Leo nafukuzwa!"

"Hebu nyamaza, mdogo wangu. Hukusahau. Mimi ndiye niliyekufundisha kuwa si lazima."

Mficha uchi hazai. Akaingia kwa daktari mkuu, akayasema hayohayo, kichwa juu. "Kosa ni langu, na nipe dakika tano nilitoe."

Akaketi, akazifuta kilo sitini.

"Sasa nikiuacha wazi?" muuguzi akauliza.

"Programu inagoma. Lebo haitoki."

"Foleni itatutukana!"

"Itutukane."

Wakaubeba mzani wao wawili, wakihema, hadi mezani kwa muuguzi. Mtoto akawekwa juu yake, akarusha mateke kwa hasira. Kilo nane. Muuguzi akaandika nane, na lebo mpya ikatoka: nusu kijiko.

Mfamasia akaisoma mara mbili, ndipo akampa mama chupa.